Pua za Fundi Mfaume

Ukifika Nangurukuru ukitokea Somanga, kabla hujaamua kama unakata kushoto kwenda Masoko au unanyoosha kwenda Lindi, utasikia nyundo. Hiyo ndiyo gereji ya Mfaume Rehani, kama kibanda cha mabati sita na mkorosho mmoja kinastahili kuitwa gereji. Mfaume si fundi wa injini. Injini haijui sana wala hataki kuijua. Husema injini ni tumbo la mtu na yeye si mganga. Yeye ni fundi bodi. Gari likibonyea mlango, likichubuka ubavu, likipigwa nyuma, analigonga, analipaka puti, analipiga msasa na kulipulizia rangi, mpaka mwenyewe akija analizunguka mara mbili kulitafuta jeraha asilione.

Kwa kazi hiyo ya miaka ishirini na nane amepata ujuzi ambao hakuuomba. Anasoma mikwaruzo kama nesi anavyosoma kadi ya kliniki. Akitazama ubavu wa gari anajua dereva alikuwa upande gani wa barabara, alikuwa na haraka kiasi gani, na mara nyingi anajua pia uongo aliomwambia mkewe. Hasemi. Fundi bodi mwenye mdomo hamalizi mwezi na wateja wake.

Lakini jina lake halikutokana na ujuzi huo. Jina alipewa na nazi.

Watu wa pwani husema nazi ina macho, haimwangukii mtu. Hawasemi lolote kuhusu boneti. Miaka saba iliyopita dereva mmoja aitwaye Eusebio aliegesha Noah yake chini ya mnazi kule Masoko akaenda kunywa chai, na nazi ikashuka juu ya boneti iliyokwisha kuliwa na kutu, ikapenya. Mfaume hakuwa na boneti nyingine ya kumpa. Akakata sehemu mbovu, akachukua bati la debe la mafuta ya kula, akalikunja likawa na nundu, akalichomelea juu ya tundu. Bati likapungua upande wa mbele, ikabaki nafasi wazi ya upana wa kiganja. Akamwambia Eusebio arudi baada ya wiki aje kuzibiwa.

Eusebio alirudi, lakini si kuzibiwa. Alisema gari limekuwa jepesi, linameza upepo, milima aliyokuwa akiipanda kwa gia ya pili sasa anaipanda kwa ya tatu. Aliyasema hayo mbele ya madereva kumi na mmoja waliokuwa wakisubiri abiria. Na dereva wa mchomoko, yaani vile vigari vinavyochomoka na abiria kati ya mji na mji, akisikia mwenzake ana kitu ambacho yeye hana, usiku hapati usingizi.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo lingetosha kuumaliza mchezo siku ileile. Noah ya Eusebio ilikuwa ya zile za zamani, ambazo injini yake iko chini ya kiti cha dereva. Upepo uliomezwa na lile debe uliishia kwenye chupa ya maji ya kuoshea kioo. Hakuna aliyeuliza. Ndani ya mwaka mmoja Mfaume alikuwa amefunga nundu arobaini kama ile, ambazo watu waliziita pua, juu ya boneti arobaini, na watoto wa Nangurukuru walimwita Fundi Pua.

Aliyemtoa tongotongo ni Francis, fundi injini kutoka Dar es Salaam, aliyekwama pale siku mbili akisubiri kipuri. Gari lake lilikuwa na pua ya kiwandani. Mfaume akamwomba afungue boneti, aone wenzake wa Japani wanavyounga bati. Chini ya tundu akakuta kitu kama rejeta ndogo iliyolala chali. Francis akamweleza kwamba injini ile ina tabo, tabo inasindika hewa, hewa ikisindikwa inapata moto, na ile rejeta ndogo huipoza. Tundu lipo kwa ajili ya kuipulizia upepo, basi. Kwa gari lisilo na tabo ni pambo. Mfaume akauliza kama upepo wenyewe, gari likikimbia, hausukumi hewa ndani ya injini. Francis akasema unasukuma, ukiuziba vizuri ndani ya bomba mpaka kwenye injini na ukaenda mwendo wa magari ya mashindano, na hata hapo unachopata mguu wa dereva hauwezi kukihisi. Kwa mwendo wa themanini na mlima mbele, alisema, ni sawa na kumpulizia ng'ombe mkiani ili avute mkokoteni.

Mfaume si mtu wa kuamini maneno matupu. Wiki iliyofuata aliachiwa Probox yenye pua aipake rangi mlango. Akaenda nayo kwenye mwinuko ambao madereva wanauita Kata Pumzi, mwendo wa nusu saa kusini mwa Nangurukuru, akaupanda mara tatu pua ikiwa wazi. Kisha akaiziba kwa ndani kwa matambara, akaupanda mara tatu tena, simu ikimhesabia sekunde. Tofauti ilikuwa sekunde moja tu, na hiyo moja ilikuwa faida ya pua iliyozibwa. Akasahau kuyatoa yale matambara. Mwenye gari akalichukua, na siku chache baadaye akarudi kumshukuru: tangu apakiwe rangi, pua inavuta zaidi.

Siku ile Mfaume alicheka peke yake mpaka akatokwa na machozi. Kisha akanyamaza, maana mbele ya kibanda kulikuwa na magari matatu yanasubiri pua. Angeweza kusema. Alikuwa na ulimi, alikuwa na ushahidi, na madereva wote walikuwa pale pale chini ya mkorosho wakila mihogo ya kukaanga. Alichukua mkasi wa bati akaendelea na kazi. Mimi ni mtu wa kumpenda Mfaume, lakini siwezi kumtetea kwa hilo. Alijiambia kuwa pambo halijawahi kumdhuru mtu.

Sasa tumlete Majid.

Majid Fakihi alikuwa mtoto wa shangazi yake Mfaume, Bi Kidawa wa Mitole. Alikuwa mdogo kwa Mfaume kwa miaka kumi na minane, lakini binamu hahesabiwi miaka, na binamu kwa watu hawa ni mtani. Wawili hawa walitukanana tangu Majid ajue kusema. Mtani akikwambia nyumba yako inaungua, unamwambia aje kuota moto. Hakuna neno la mtani linalochoma moyo, na hakuna linaloaminiwa. Ndiyo maana kwenye ukoo wao, mtu akiwa na jambo zito la kumwambia binamu yake, humtuma mwingine amsemee: mama, mjomba au mke. Likitoka kinywani mwake mwenyewe linakuwa utani, hata alitoe akilia.

Majid aliendesha mchomoko kati ya Nangurukuru na Lindi, na aliuendesha kwa woga. Nasema woga kwa heshima. Laiti barabara ile ingekuwa na waoga wengi zaidi. Akikuta lori mbele yake mlimani alikaa nyuma yake hadi lifike juu. Wazee walimsifu. Vijana walimwita Kobe, na abiria mwenye haraka akisikia zamu ni ya Majid alikumbuka ghafla kuwa kuna kitu amesahau dukani. Gari lilikuwa linaondoka na watu wawili, mara nyingine mmoja. Mkewe, Naima, alikuwa na mimba ya pili.

Basi Majid akaja kwa binamu yake kutaka pua. Si pua ya kawaida. Alitaka kubwa kuliko zote, yenye matundu mawili, na bomba la kuupeleka upepo moja kwa moja hadi kwenye chujio la hewa la injini. Mfaume alimcheka, akamwambia hata kobe ukimvalisha pua ya tembo hatashinda mbio. Majid akacheka pia, lakini macho yake yalikuwa yanaomba. Mfaume akamhurumia. Alifanya kazi ile siku tatu, na kwa kuwa fundi mzuri hajui kufanya kazi mbaya hata pale inapofaa, ilitoka pua ambayo hakuwahi kutengeneza nzuri kama hiyo, nyekundu juu ya boneti nyeupe, imeungwa bila mshono kuonekana.

Siku ya kwanza Majid alilipita trela la saruji pale Kata Pumzi. Alirudi kumsimulia Mfaume. Abiria walipiga makofi, alisema. Mfaume alikuwa ameshika nyundo, akaiweka chini. Yeye peke yake Nangurukuru nzima alijua kuwa gari lilikuwa lilelile la juzi, lenye nguvu ileile ya juzi. Kilichobadilika ni mguu wa dereva. Aliogopa, na hofu ile haikumtoka tena.

Baada ya wiki mbili Majid alileta gari limevunjika kioo cha pembeni, cha kulia. Alisema ng'ombe. Mfaume alikitazama kile kibao cha kioo kilivyokatika kutoka mbele kwenda nyuma, akaona vumbi la rangi ya fedha kwenye ncha. Ng'ombe hapakwi rangi ya fedha. Kioo kile kiligongana na kioo cha gari lililokuwa linakuja, na hiyo maana yake Majid alikuwa upande usio wake, na alibanwa hapo hadi dakika ya mwisho. Mfaume alimuuliza ng'ombe huyo ana namba za usajili za wapi. Walicheka, akafunga kioo kipya.

Mwezi haukwisha, gari likarudi na mkwaruzo mrefu ubavu wa kushoto, kuanzia mlango wa nyuma hadi tairi la mbele. Ndani ya mkwaruzo kulikuwa na rangi ya buluu na grisi. Safari hii Majid alisema ni ukuta. Mfaume aliinama akapima kwa kiganja: mkwaruzo ulianza chini nyuma ukapanda kadiri ulivyokwenda mbele, kwa sababu gari lilikuwa linarudi upande wake kabla halijamaliza kulipita trela la buluu. Halikuwa na nguvu ya kulimaliza. Aliupaka puti kimyakimya. Usiku ule hakula, na mkewe, Ziada, alipomuuliza ana nini, alisema tumbo.

Mara ya tatu gari lilikuja limechubuka pande zote mbili, kulia na kushoto, kwa siku moja. Mfaume alizunguka gari lile, akasimama nyuma yake, akaangalia ubavu huu na ubavu huu. Majid alipita katikati ya vitu viwili, na nafasi iliyokuwapo ilikuwa upana wa gari lenyewe bila hata ncha ya kidole. Mikwaruzo ilikuwa inasogea karibu na kifo. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kuisoma, na aliyeweza kuisoma alijua vilevile pua ile ilikuwa na thamani gani. Siku hiyo akafungua mdomo.

"Binamu," alisema, "pua hii haina kitu. Ni bati na rangi. Nimeipima mwenyewe pale mlimani."

Majid alimtazama, akaanza kutabasamu. "Umeona nina jina kukushinda, sasa unataka kuning'oa pua."

"Sikutanii, Majid. Gari lako halina nguvu hiyo unayoitegemea. Utakufa."

"Na wewe umrithi Naima." Majid aligonga boneti kwa kiganja, akicheka kwa sauti sasa. "Pilau yake ina chumvi, utanifuata kabla ya arubaini."

Mfaume alikaza uso. Alikuwa amesahau kuwa kukaza uso ndio ufundi mkubwa wa watani, na kwamba yeye mwenyewe ndiye bingwa wa ufundi huo. Kadiri alivyokaza ndivyo Majid alivyozidi kushika mbavu. Madereva chini ya mkorosho waligeuka kuangalia. Majid akawaambia Fundi Pua anasema pua hazina kitu, nao wakaangua kicheko hadi mmoja akapaliwa na muhogo. Na Mfaume, Mungu amsamehe, kicheko kile kilimchukua. Alicheka naye.

Mtu atauliza kwa nini hakuing'oa tu, gari si lilikuwa mikononi mwake? Aliliwaza hilo. Lakini upande wa pili wa barabara kulikuwa na Andrea, fundi aliyejifunza pua kwa kuchungulia, naye angemfungia Majid nyingine kabla ya adhuhuri. Kilichotakiwa kung'olewa kilikuwa ndani ya kichwa cha Majid. Kwa hilo kulikuwa na njia moja, ile ya ukoo: kumtuma mtu. Na mtu alikuwa mmoja, Bi Kidawa. Majid hakuwahi kumbishia mama yake hata alipokuwa na ndevu.

Jumamosi Mfaume alipanda bodaboda hadi Mitole na kilo mbili za sukari. Njia nzima alipanga maneno. Angesema: Shangazi, nimewauzia watu debe tupu kwa miaka saba, na mwanao ameliamini, mwite, mwambie, asikie kutoka kwako. Halikuwa neno refu. Alilirudia mpaka akaliona jepesi.

Alimkuta shambani akiokota korosho na wanawake watatu wa jirani. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba ya furaha, na kabla hajaketi, Bi Kidawa alikwisha kuwageukia wenzake. Huyu ndiye, alisema. Huyu ndiye mtoto wa kaka yangu, aliyemfanyia Majid lile gari. Aliwaambia mwanawe alikuwa hapati abiria, leo wanagombania. Amenunua mabati ya kuezekea nyumba ya mamaye. Yote ni kwa mikono hii hapa. Akaichukua mikono ya Mfaume, kama shangazi amshikavyo mpwa wake, akawaonyesha. Wanawake wale waliisifu.

Mfaume aliitazama mikono yake ikiwa ndani ya mikono ya shangazi yake. Alitafuta pa kuanzia neno lake, hakupaona. Alikula ubwabwa kwa mboga ya kisamvu, akaulizwa habari za watoto, akajibu. Kwenye kuaga, akiwa amekwisha kukaa juu ya pikipiki, alisema, "Shangazi, mwambie Majid apunguze mwendo."

"Namwambia kila siku, baba," alisema Bi Kidawa. "Mama gani hasemi hivyo?"

Akarudi Nangurukuru. Alijiambia atakwenda tena Jumamosi ijayo, peke yake na shangazi, bila wanawake wa jirani. Hilo ndilo alilojiambia, na nadhani alilikusudia. Aibu ni mzigo mzito kwa mtu mwenye jina.

Jumatano, saa nne asubuhi, jua kali na barabara kavu, Majid alitoka kulipita trela pale Kata Pumzi. Alikuwa na abiria wawili, ambao walivunjika viungo lakini wakapona. Walisema baadaye kuwa dereva wao hakuogopa kabisa. Alikanyaga mafuta hadi chini, gari likanguruma, likakaa pale pale ubavuni mwa trela bila kusogea mbele, naye akawa analiambia, twende, twende, kama mtu anayejua kuwa nguvu ipo na itafika sasa hivi. Basi la kutoka Lindi lilitokea juu ya mlima. Majid alikufa kabla ya kutolewa ndani ya gari.

Mfaume alikwenda kituo cha polisi ambako gari lilivutwa. Askari alimruhusu aingie uani. Boneti ilikuwa imekunjika katikati, upande wa dereva haukuwa na sura tena. Pua ilikuwa nzima. Haikupata hata ufa wa rangi. Aliisogelea akaishika, na akajichukia kwa kuwa kitu cha kwanza kilichomjia kichwani ni kwamba uchomeleaji ulikuwa mzuri. Kisha akaketi chini kwenye mchanga wa kituo, akalia mpaka askari akaenda kumletea maji.

Majid alizikwa Mitole jioni ileile. Madereva wote wa Nangurukuru walifunga kazi wakaja, magari yamepangwa kando ya njia, pua juu ya boneti karibu kila moja. Naima alikuwa ndani pamoja na wanawake. Wanaume walijaa uani, na jeneza likiwa tayari kuinuliwa, watu walianza kumwangalia Mfaume.

Ni zamu ya mtani. Binamu anapokufa, binamu yake hasimami na wafiwa kulia tu. Anasimama mbele na kuwavunja mbavu. Anamwigiza marehemu alivyotembea, anamdai, anamsema uchoyo wake, analizuia jeneza lisitoke. Mwalimu wa msikiti hukunja uso kidogo kisha huangalia pembeni, maana hata yeye anajua kuwa mfiwa akicheka mara moja usiku wake unakuwa mfupi. Walitarajia Mfaume amwigize Majid akishika usukani nyuma ya lori. Mmoja alikwisha kumsogezea kigoda kiwe ndicho kiti cha gari.

Mfaume alisimama mbele ya jeneza. Hakukaa juu ya kigoda. Alisema zile pua ni uongo. Alisema ni madebe ya mafuta ya kula, hazina nguvu yoyote, amejua miaka mingi na amenyamaza; alipima, sekunde kwa sekunde, na gari la kwanza halikuwa hata na injini chini ya boneti. Alisema, "Aliyemuua binamu yangu ni mimi hapa. Nikamateni."

Halafu Eusebio, yule wa nazi, akaanza. Alicheka kwa pua kwanza, akajaribu kuzuia, akashindwa. Uwanja mzima ukamfuata. Walicheka kwa shukrani, walicheka na machozi, wakapigana mabega. Dereva mmoja alisema Mfaume hana mpinzani kwa utani, hata leo, hata kwenye msiba wa damu yake. Kutoka dirishani Bi Kidawa mwenyewe alisikika akicheka kicheko kidogo kilichogeuka kilio, na wanawake waliokuwa naye walimshukuru Mungu kwamba angalau amecheka. Mfaume aliinua mikono kuwanyamazisha, nao wakaona hilo nalo ni sehemu ya mchezo. Mtu akasema inatosha, jua linakwenda. Jeneza likainuliwa. Njiani kwenda makaburini dereva mwingine alimshika bega, akamwambia akirudi kazini aje amwangalizie pua yake, imeanza kulegea.

Siku ya pili ya msiba, Ziada alitoka ndani akamwita mumewe. Naima anataka kusema naye. Kwa kuwa yumo edani, Mfaume alisimama nje ya mlango, pazia likiwa katikati, na Ziada akaketi ndani kando ya mjane.

"Shemeji," Naima alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Uliyoyasema jana uani, ni utani?"

"Si utani."

Mfaume alisikia mtoto wa Majid akiburuta sufuria sakafuni.

"Na yeye ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambiaje?"

Mfaume angeweza kuyarudia yale maneno moja moja, maana yote yalikuwa ya kweli na aliyakumbuka yote. Nimeipima mwenyewe. Gari lako halina nguvu hiyo. Utakufa. Angeyasema yakatosha, Naima angelia, na labda angemsamehe. Alishika fremu ya mlango.

"Nilimwambia," alisema, "kisha nikacheka naye."

Naima hakumlaani, wala hakulia. Alimgeukia Ziada, akamwambia amwambie mumewe chakula cha wanaume kimekwisha kupakuliwa, aende akale kabla hakijapoa.